Mwalimu Jovitha Anafungua Tena

Jovitha alikuwa mtu wa kuguna. Wazazi wa Kariakoo waliompelekea watoto wao walimzoea hivyo: ukimweleza jambo anaguna kwanza, halafu anavua miwani na kuifuta kwa pindo la kanga, ndipo anakujibu. Kwa watoto hakuwa hivyo. Mtoto angeweza kummwagia uji miguuni na yeye asiseme kitu. Waliomchosha ni watu wazima.

Alikuwa mzaliwa wa Kibosho, na kazi yake ya kwanza mjini ilikuwa kulea watoto wa wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilipouzwa, mmiliki mpya alikipitia chumba kwa chumba, na alipofika chumba cha watoto akasema pale patafaa kuwekwa marobota. Jovitha akapunguzwa kazi pamoja na wengine wengi. Hakukaa sana nyumbani kuhesabu bahati mbaya. Alikuwa akipita Kariakoo na kuona maduka yakifunguliwa hata kwenye vibaraza vya nyumba za kuishi, wauzaji wengi wakiwa akina mama, na chini ya meza za hao akina mama watoto wamelala juu ya maboksi. Akapanga vyumba viwili na ua katika nyumba ya zamani Mtaa wa Mkunguni, akanunua mikeka na viti vidogo, akafungua chekechea.

Miaka ikaenda, watoto wakajaa. Kisha ukaja mwaka wa mvua za El Nino. Jangwani ikageuka ziwa, vyoo vya bondeni vikafumuka, na kipindupindu kikapanda hadi sokoni. Mama lishe wakakatazwa kupika barabarani, matunda ya kukatwa yakamwagwa, watu wakaacha kushikana mikono hata msibani. Bwana afya wa eneo lile, kijana aliyeitwa Shaibu, akapita akiagiza chekechea zote zifungwe. Jovitha alifunga siku hiyohiyo. Kufunga hakukumsumbua. Kilichomtesa ni kufungua.

Wazazi walikuwa wa kwanza kumchosha. Waliokuwa wakimpigia kelele afunge haraka ndio haohao waliorudi baada ya wiki chache kugonga mlango wakiuliza anafungua lini. Mmoja alikuwa Josepha, ambaye watu walimwita Mama Eli, mwenye duka la vyombo vya plastiki Mtaa wa Kongo. Mumewe Eliakimu alikuwa safarini Dubai kufuata mzigo, msichana wa kazi alikuwa amerudi kwao, na mtoto wao Elibariki, wa miaka minne, alikuwa ameshaanguka na rundo la mabeseni alilolipanda akitaka kuona juu kuna nini. Josepha alisema ama chekechea ifunguliwe ama yeye afunge duka. Wengine nao waliapa kwamba watoto wao hawatatoka ndani mpaka redio itangaze ugonjwa umekwisha kabisa, na hao pia walifika kugonga mlango, ili tu wamwambie hivyo.

Wa pili alikuwa Shaibu. Alikuja kukagua, akaingia chooni, akasema kipigwe chokaa. Kikapigwa. Alipokuja tena akasema maji ya kunawa yawe ya kutiririka, beseni halifai. Jovitha akatafuta pipa la plastiki, fundi akalitoboa na kulifunga koki. Mara ya tatu Shaibu akalizunguka pipa lile na kuuliza mfuniko uko wapi. Jovitha akavua miwani. Alimuuliza kwa nini hayo yote hakuyasema siku ya kwanza. Shaibu akamjibu kwa upole kwamba siku ya kwanza alikuja kuangalia choo.

Maji yenyewe yalikuwa yakiletwa na mkokoteni, madumu kwa madumu, na hakuna aliyejua kwa hakika yamechotwa wapi. Kwa hiyo ya kunawa yalitiwa dawa, na ya kunywa yakachemshwa. Celina, msaidizi wake, alishinda jikoni na sufuria kubwa, macho mekundu kwa moshi wa mkaa. Mfuniko ukapatikana, Shaibu akaruhusu, na watoto waliporudi walionja maji ya kuchemsha na kusema yananuka moshi. Koki ndiyo waliyoipenda. Walinawa mikono, wakanawa viatu, wakaosha vifutio vya ubao, na mmoja akamwosha mwenzake kichwa. Kabla ya saa nne pipa lilikuwa tupu na ua umejaa tope, na mkokoteni wa maji umeshapita.

Wa tatu, na aliyemshinda kabisa, alikuwa Mzee Harilal.

Harilal alikuwa na duka la vitambaa ng'ambo ya barabara. Mjukuu wake Zarna alikuwa mwanafunzi pale, na mzee alishasema kwamba mtoto hatarudi mpaka yeye ajionee kwa macho yake. Jovitha akamwambia karibu. Alidhani atakuja asubuhi moja, atazame, aondoke. Harilal alikuja asubuhi hiyo na Zarna mkononi, akavuta kiti cha mtoto, akakikalia magoti yakiwa usawa wa kifua, akaweka mwavuli pembeni. Kesho yake akaja tena. Na keshokutwa.

Haikuwa rahisi kufundisha mbele yake. Katikati ya wimbo alikuwa akiinua kidole na kusema yule amefuta kamasi kwa mkono na sasa ameshika chaki. Kikombe cha huyu amekinywea yule. Mtoto wa shati la njano ametoka chooni na amepita pipa kama halioni. Lililomkera Jovitha zaidi ni kwamba mara nyingi mzee alikuwa anasema kweli. Mwishowe alimwambia, "Mzee wangu, kama una macho kiasi hicho, nakuomba ukakae pale kwenye pipa."

Harilal akahamisha kiti bila kununa. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyefungua na kufunga koki. Kila mtoto alisugua mikono hadi mzee amalize kuhesabu, naye alihesabu kwa Kigujarati, polepole, kama anayepima kitambaa. Maji yakaanza kutosha hadi mchana. Lakini haikupita wiki mbili wazazi wakaja kumuuliza Jovitha watoto wao wanafundishwa lugha gani, kwa sababu nyumbani wanahesabu maneno yasiyoeleweka. Jovitha alichoka hata kuguna. Aliwaambia ni hesabu ya kunawa mikono, na asiyeitaka anaweza kumhesabia mwanawe mwenyewe.

Mambo yalikuwa yameanza kutulia hivyo, siku ile Elibariki alipoletwa.

Ilikuwa Jumatatu. Josepha kwa kawaida aliingia hadi uani, akaamkia, akauliza hili na lile. Siku hiyo alimsukuma mtoto ndani ya mlango, akasema shikamoo Mwalimu kwa mbali, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshavuka barabara. Jovitha aliona tu kanga ya mgongoni ikipotea kati ya wapagazi. Elibariki, ambaye siku zote alifika na kupanda kitu, alikwenda kwenye kona ya mkeka na kukaa.

Alitaka kwenda chooni, Celina akampeleka. Akarudi. Hakukaa sana akataka tena. Safari hiyo Celina alirudi peke yake, akamwinamia Jovitha na kusema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, njoo uone. Ni maji matupu, kama ya kuoshea mchele."

Jovitha alisimulia baadaye kwamba kilichotangulia ndani yake hakikuwa hofu. Zilikuwa hasira, na zilikuwa nyingi. Alifikiria chokaa, pipa, mfuniko, moshi wa Celina, na mgongo wa Josepha ukivuka barabara. Halafu akamwona mtoto ameegemea ukuta wa choo, macho yamezama na midomo imekauka, na hasira akaziweka kando kwa kuwa hazikuwa na kazi pale.

Alimbeba, akamlaza kwenye chumba cha pili peke yake. Akachanganya maji ya kuchemsha na sukari na chumvi kama walivyofundishwa, akaanza kumnywesha kwa kijiko. Celina akamwaga dawa chooni hadi mlangoni. Watoto wengine wakapangwa uani, wakanawishwa wote upya, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa mkeka ule. Kisha Celina akakimbia Mtaa wa Kongo kumwita mama. Akarudi anahema: duka lina msichana wa kukaimu tu, Mama Eli yuko bohari anapokea mzigo, na hakuna ajuaye ni bohari ipi.

Kambi ya wagonjwa wa kipindupindu ilikuwa mbali kwa miguu. Jovitha alitoka na mtoto begani hadi mlangoni, akasimamisha teksi. Dereva aliuliza mtoto ana nini, akaambiwa, akaondoa gari. Wa pili hakuuliza. Alitazama tu kanga iliyolowa, akaongeza mwendo.

Harilal alikuwa amesimama nyuma yake, amemshika Zarna mkono. Kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema. Alimwita mkwewe Charmi atoke dukani, akamkabidhi Zarna, akavuka barabara, na alichorudi nacho ni gari lake, Pijo nyeupe, ile aliyokuwa akiifuta mwenyewe kila asubuhi kwa sababu hakumwamini mtu. Alikuwa ametandika magazeti kiti cha nyuma.

Njiani ulimi ukamrudia. Alilalamikia viti vyake vya gari. Alilalamikia mikokoteni iliyoziba njia, machinga waliotandaza soksi hadi katikati ya lami, mashimo ya mvua, na mama wa mtoto, na mwalimu ambaye hakukagua mlangoni, na yeye mwenyewe aliyekuwa amekaa kwenye pipa asione. Alipiga honi na kulalamika, akalalamika na kupiga honi. Jovitha, nyuma, alikuwa akihesabu vijiko vilivyobaki tumboni na vilivyorudi.

"Mzee," alisema hatimaye, "naomba unyamaze, uendeshe tu."

Harilal akanyamaza. Aliendesha hadi kambini bila kufungua mdomo tena, na Jovitha anasema hajawahi kuendeshwa vizuri vile.

Kambini walimlaza Elibariki kwenye kitanda chenye tundu katikati na ndoo chini yake, wakatafuta mshipa mguuni, wakamtundikia dripu. Muuguzi alimwambia Jovitha kwamba yale maji ya sukari na chumvi yamesaidia, na kwamba wangechelewa hadi jioni yangekuwa mambo mengine. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mwanamke amefunikwa hadi usoni.

Josepha alifika mchana, vumbi la maboksi likiwa bado kwenye nywele. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaugusa mguu wa mwanawe, akaanza kulia. Jovitha alimwacha alie. Kisha akamuuliza, "Asubuhi aliamkaje?"

"Vizuri, Mwalimu."

"Mama Eli."

Josepha alijifuta uso. "Alitapika. Mara moja tu alfajiri. Na tumbo lilikuwa limeanza kidogo. Nikasema ni maziwa ya jana." Akaushika tena mguu wa mtoto. "Kontena lilikuwa linafunguliwa leo. Usipokuwepo, wanakuibia mbele ya macho yako. Ningemwacha wapi? Niambie wewe, Mwalimu, ningemwacha wapi?"

Swali hilo lilimkasirisha Jovitha. Alitaka kumwambia kwamba angesema mlangoni, angesema tu, hata kama ni kwa kukimbia. Alitaka kumwambia kuhusu watoto wengine waliokaa naye mkeka mmoja. Badala yake alivua miwani, akaifuta, na kusema atamwachia kikombe na kijiko.

Chekechea ikafungwa mara ya pili. Shaibu akaja na pampu ya dawa, akapuliza vyumba, viti, hadi majani ya mpapai uani. Kwa siku zote zile za kusubiri Jovitha alikuwa akizunguka nyumba hadi nyumba akiuliza hali za watoto, na kila mlango uliochelewa kufunguliwa aliugonga tena kwa ngumi. Hakuugua mwingine. Elibariki akatolewa kambini, mwembamba, akidai chipsi.

Ndipo Jovitha alipoita mkutano wa wazazi. Walikaa uani kwenye viti vya watoto, wamebanana, kila mmoja na maelezo yake. Mmoja alisema ni maji ya mkokoteni. Mwingine alisema ni uji wa Celina, na Celina, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaingia ndani. Mama mmoja wa Mtaa wa Pemba aliyeitwa Mgeni, aliyekuwa akiuza vitenge, alisema wazi kwamba kama ugonjwa umetokea darasani basi darasa ni chafu, na mwalimu awaeleze. Jovitha alijua kwamba sentensi moja tu ingemwondolea lawama zote. Josepha alikuwa amekaa safu ya nyuma, anafungua na kufunga zipu ya mkoba wake. Jovitha alimtazama mara mbili, akampa nafasi. Zipu iliendelea. Mambo ya mtoto mgonjwa, Jovitha aliamua, hayatangazwi na mwalimu. Akasema tu kwamba maji yalichemshwa na choo kilikuwa kisafi, na asiyeamini akamuulize bwana afya. Hakuna aliyeamini.

Hapo ndipo Eliakimu alipoingia. Alikuwa amerudi kutoka Dubai siku mbili zilizopita, na alikuwa amekuja kwa jambo moja. Alisimama katikati ya ua, mtu mkubwa mwenye sauti ya sokoni, akasema hatachukua muda wa watu. Anataka kumshukuru Mwalimu mbele ya wote.

"Mtoto ameamka anatapika na kuharisha," alisema, "mama yake amebanwa na mzigo, amemleta hivyohivyo. Mwalimu angeweza kumrudisha. Hakumrudisha. Amembeba mwenyewe. Mimi nikiwa na mwana leo ni kwa sababu ya huyu mama na yule mzee pale."

Alitegemea makofi. Hayakuja. Taratibu alianza kuelewa kwamba amesema kitu ambacho hakikutakiwa kusemwa, akamtafuta mkewe kwa macho, na watu wote wakageuka kumtafuta pamoja naye. Zipu ilikuwa imesimama.

Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa kuliko zile za mwanzo. Mgeni alikuwa wa kwanza kusema Elibariki asirudi pale. Wengine wakamuunga mkono. Eliakimu alibaki amesimama, mikono imening'inia, kama mtu aliyebeba mzigo na kuambiwa si hapa.

Jovitha aliwaacha waseme hadi wakachoka. Halafu akaanza, bila kupandisha sauti, kuwakumbusha. Yupi alileta mtoto mwenye surua akasema ni joto. Yupi alileta macho mekundu na kusema ni vumbi. Yupi alimpa mwanawe dawa ya homa asubuhi ili ipoe mpaka mzazi mwenyewe afike dukani, akidhani mwalimu hasikii mtoto ananuka dawa. Hakutaja majina. Hakuwa na haja, kwa kuwa alipokuwa akisema alimtazama kila mhusika, na kila mhusika akatazama viatu vyake. Mgeni alitazama vyake pia.

"Mimi siwezi kuuchemsha uongo kama maji," alisema. "Mnaniambia nifungue kwa usalama. Nimepiga chokaa, nimetia koki, nimemweka mzee wa watu kwenye pipa. Kilichobaki ni chenu. Mtoto akiamka vibaya, semeni. Mtamwacha wapi, tutatafuta pamoja. Lakini semeni."

Hilo la kutafuta pamoja walilibishania hadi jioni, na halikumalizika vizuri. Charmi alisema mtoto mwenye homa ya kawaida anaweza kulala chumba cha nyuma cha duka lao, awe wa nani. Wawili watatu wakasema watashikiana maduka mzazi akibaki nyumbani. Wengine walisema watafikiria, na Jovitha alijua maana yake. Familia kadhaa ziliondoa watoto moja kwa moja. Elibariki alibaki, kwa sababu Jovitha alisema akiondoka huyo, yeye naye anafunga na kwenda Kibosho kulima kahawa.

Walipofungua mara ya tatu, Harilal alikuwa ameshahamisha kiti bila kuombwa, safari hii hadi mlangoni kabisa. Hakuna mzazi aliyepita bila kuulizwa mtoto ameamkaje, amekula nini jana, choo chake kikoje. Aliuliza kwa kirefu na kwa sauti, mbele ya wapita njia. Foleni ikafika kona ya mtaa. Akina mama wakachelewa kufungua maduka na kumlalamikia Jovitha, na Jovitha akamlalamikia Harilal, na Harilal akamjibu kwamba kama hayo hayapendi, amtajie kingine cha kuuliza.

Josepha alisimama kwenye foleni ile kama wengine. Hakukimbia tena. Ilimchukua muda kuweza kumtazama Celina, aliyelaumiwa kwa uji wake, na siku moja alimletea seti ya sufuria mpya bila maelezo. Celina alizipokea, naye bila maelezo.

Mvua zilikuwa zimeanza kupungua, asubuhi moja, Mgeni alipofika na binti yake amembeba. Kabla Harilal hajafungua mdomo, akasema, "Huyu ameharisha alfajiri. Nimekuja kuwaambia tu. Namrudisha nyumbani, kitenge kitauzwa kesho."

Jovitha alikuwa ndani, akatoka. Alitaka kusema asante, lakini binti wa Mgeni alishaona wenzake wakiimba uani na kuelewa kwamba haingii. Akaanza kulia, akajinyonganyonga, akamkamata mama yake nywele. Mgeni aligeuka naye hivyohivyo, akaondoka akipigwa mateke ya mbavu, na kilio kile kikasikika hadi Mtaa wa Pemba. Harilal alisema mtoto mwenye nguvu kiasi hicho huenda ana minyoo tu. Jovitha akamwambia aendelee na foleni.